Mgeni wa Jumamosi

Kazi yangu ni kushona yunifomu za shule hapa Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, kwenye chumba kimoja kinachoangalia barabara. Vipande vinavyobaki nikikata huwa naweka kwa gunia, na kuna mama anayetengeneza mito huja kuvichukua. Anachukua vyote isipokuwa vya rangi ya damu ya mzee. Hivyo navikata upana wa kidole, urefu wa kuzunguka mkono wa mtoto, naviweka kwa droo ya cherehani. Mama yangu ameniuliza mara nyingi ni biashara gani hii naanzisha na vitambaa vya kufungia paka. Namwambia bado najipanga. Anacheka, nami nacheka, kisha naangalia nje upande wa Kaptagat, ambako mawingu hukaa kwanza kabla ya kuja kwetu.

Tangu nikiwa mdogo nilitaka kuwa mmishonari. Shule niliachia kidato cha pili nikaingia kwa ushonaji, lakini hakuna mtu alikuwa ameniambia ndoto nayo inataka cheti. Nilijiona nikishuka ndege nchi ya mbali yenye joto jingi, nimevaa kofia pana, gitaa mgongoni. Gitaa sijui kupiga mpaka leo. Kwa hivyo kanisa letu lilipotangaza misheni ya likizo ya Agosti mwaka jana, wiki nzima ya kufundisha watoto Biblia, nilisimama kabla mchungaji hajamaliza kutangaza. Nikiwa bado nimesimama akataja mahali penyewe. Kaptagat. Karibu hivi kwamba siku mbingu ikiwa safi unaweza kunyoosha kidole uonyeshe mtu.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kaptagat? Hiyo ni misheni, ama unaenda kuninunulia waru?"

Nilimwambia nitafanya zote mbili, misheni na viazi.

Tulienda na lori la muumini mmoja anayebeba mahindi. Mwenyekiti wetu wa misheni ni mama wa mtaa wa Elgon View, mtu wa ofisi, ana gari lake zuri, lakini siku hiyo aliliacha nyumbani akapanda lori na sisi ili tuwe kitu kimoja. Alikuwa amepanga programu yote vizuri, kila jambo na saa yake. Mwingine ninayetaka mmjue ni kijana wa ngoma. Siku za kawaida ni mtu wa bodaboda, alikulia na majirani Wakalenjin kwa hivyo lugha yao anaisikia, na sijawahi kuona kitu ambacho hawezi kukifanyia mzaha. Njia nzima aliniita Mmishonari wa Ng'ambo na kuniuliza kama pasipoti yangu iko sawa.

Kanisa lililotupokea ni la mabati, limekaa mahali shamba la mwisho linapoisha na msitu kuanza. Asubuhi ya kwanza tulikuwa tayari saa mbili kamili, tumepiga laini na tabasamu zetu, na hakuna mtoto hata mmoja. Mwenyekiti aliangalia saa, akaangalia barabara, akaangalia saa. Kumbe watoto wa huko kwanza wanapeleka maziwa. Walianza kutoka kwa ukungu baadaye, mmoja mmoja, na buti za mvua na mitungi mitupu ya maziwa, wakaipanga ukutani kama viatu vya msikitini, wakaingia. Kuanzia siku ya pili programu ilifuata maziwa.

Sasa niwaambie juu ya mgeni, kwa sababu yote yaliyonipata huko yalitoka hapo.

Kwetu Yamumbi tuna desturi kwenye vipindi vya watoto. Mtoto akileta mgeni, yaani mtu ambaye hajawahi kufika, yeye anafungwa ribon mkononi, na mgeni wake pia anafungwa. Kwetu ni rahisi. Nyumba ni za kupanga, mlango unaangalia mlango, mtoto anapiga kelele tu na wageni watano wanatoka. Mwenyekiti aliiweka hiyo desturi kwa programu bila kufikiria mara mbili, na mimi ndiye niliyeshona ribon, beseni nzima, kutoka vipande vya yunifomu za shule zote ninazoshonea. Nilijivunia sana hiyo beseni. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba Kaptagat jirani ni mtu uliyetenganishwa naye na shamba la viazi na mto.

Lakini watoto wale wana miguu. Walikimbia. Jumatano wengine walikuwa na ribon mpaka karibu na kiwiko. Mvulana mmoja alimleta ndugu yake Jumanne, na Jumatano akamleta tena akiwa amevaa sweta nyingine na kofia imeshuka mpaka puani. Wasichana wawili walimfuata mwanariadha aliyekuwa mazoezini, wakakimbia naye bega kwa bega mpaka akakubali kupinda kona. Aliingia akitoa mvuke kama sufuria, akakaa kwa benchi ya nyuma, akaimba na sisi wimbo wa ishara, mikono juu, mikono chini, geuka, kaa. Tulimfunga ribon. Aliiangalia, akasema asante kwa heshima sana, akarudi barabarani na ribon yake ya buluu ikipeperuka.

Mjukuu wa mkalimani wetu peke yake ndiye hakuwa na ribon.

Mkalimani tulipewa na kanisa la huko, kwa sababu watoto wadogo Kiswahili wanakisikia nusu, na Kikalenjin changu kinaishia kwa salamu, chamgei. Alikuwa mama mwenye shuka mabegani na buti kama za watoto. Watoto walimwita Kogo, maana yake nyanya, na sisi tulimwita Mama. Nilipenda kusimama kando yake. Mimi nilikuwa nasema sentensi moja, kwa mfano kwamba yule kijana wa kombeo alikuwa akichunga kondoo za baba yake, nanyamaza nimpe nafasi. Mama anaanza. Anasema, anaonyesha chini mtoni, anaigiza kondoo, watoto wanageuka wote kumwangalia mwenzao fulani na kuanguka kwa kicheko, Mama bado anaendelea, mimi nimesimama tu na mikono yangu. Kisha ananigeukia kwa upole kama mtu aliyetafsiri neno moja.

Nilimuuliza kijana wa ngoma Mama alikuwa amesema nini muda huo wote.

"Amesema kondoo waliingia kwa karoti ya kina yule mtoto wa kofia nyekundu, na mama yake akatoka na mwiko." Akapiga ngoma kidogo kwa vidole. "Mwalimu, wewe endelea tu kuleta unga. Mama anapika."

Mjukuu alikuwa wa miaka sita hivi, kichwa kimenyolewa, sweta ya kijani ya mtu mkubwa imekunjwa mikono mara tatu. Alikaa mbele kabisa, mgongo wake umeegemea buti ya nyanya yake, na alisikiliza hadithi akiwa amefungua mdomo. Kila siku wakati wa kufunga ribon alikuja kwa beseni kuangalia, akaangalia, akarudi kukaa. Jumatano nilichuchumaa nikamwambia asijali, ataleta mgeni kesho, hata kama ni mmoja.

"Mgeni wangu anakuja Jumamosi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na safi.

Nikamuuliza ni nani.

"Ni mama. Anatoka Saudia na ndege."

Kisha akaingiza mkono kwa beseni, akatafuta mpaka chini, akatoa kipande cha damu ya mzee. Akaniambia hiyo niweke, asipewe mtu, kwa sababu kwa picha iliyo ukutani kwao mama yake amevaa sweta ya shule ya rangi hiyo. Nilichagua vipande viwili vizuri, cha mgeni na cha mwenye kumleta, nikaviweka kwa mfuko wa aproni yangu mbele ya macho yake. Nilifurahi kama mimi ndiye napelekwa kupokea mtu uwanja wa ndege. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufunga, wazazi wote wamealikwa. Nilianza kuota jinsi itakavyokuwa: huyo mama anashuka na masanduku, mtoto anamvuta mkono mpaka ndani, ngoma inapigwa. Mimi ni mtu wa kuota, nimeshawaambia.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya hadithi, na nilikuwa nimepewa ile ya mwana aliyemwacha baba yake akaenda nchi ya mbali. Hiyo hadithi naipenda kuliko zote. Niliisema na mwili mzima. Nililia njaa, nikala chakula cha nguruwe, watoto wakaziba pua. Mama alikuwa akitafsiri, lakini si kama siku zile nyingine. Sentensi zake zilikuwa fupi. Tulipofika mwisho nilinyanyua mikono nikasema baba alimwona mwanawe akiwa bado mbali, akatoka mbio, akamkumbatia. Nikangoja watoto washangilie.

Mama alisema maneno machache sana. Kisha akapiga makofi mara moja akaanzisha wimbo.

Watoto waliimba, lakini hawakushangilia. Walikuwa na uso wa watu waliosimamishwa katikati ya njia. Mjukuu hakuimba. Alikuwa amegeuka anaangalia mlango.

Baadaye tulikuwa tunaosha vikombe vya uji nje, vidole vimekufa ganzi, nikamuuliza kijana wa ngoma. Mara hii hakuwa na mzaha.

"Kwanza kwake si kijana, ni msichana. Na hakutapanya kitu. Alienda kufanya kazi mbali, akapanda ndege," akasema. "Wewe umesema baba akatoka mbio. Yeye amesema mzazi alikuwa amesimama anaangalia barabara. Halafu akasema tuimbe."

"Basi hakufika?"

"Kwa ile ya Mama, bado."

Nilimpata Mama jikoni nyuma ya kanisa, amekaa kwa kigoda, mlima wa waru mbele yake, jioni bado haijaanza lakini moshi na ukungu vimefanya giza. Nilichukua kisu nikakaa. Nilikuwa nimepanga kusema kwa ustaarabu, lakini mimi jambo likinijaa linatoka tu.

"Mama, ile hadithi hatukuimaliza."

"Tulifika mahali pa kusimama."

"Lakini msichana hajafika nyumbani."

Alimenya waru moja yote kabla ya kunijibu, ganda likitoka refu bila kukatika. Aliniuliza kama nina mtoto. Nilimwambia bado. Akaniambia binti yake alikuwa amepiga simu juzi usiku. Kule anakofanya kazi ya nyumba wameomba aongeze muda, na amekubali, maana hana namna. Agosti hii haji. Itakuwa lini, hajajua mwenyewe. Alilia kwa simu akamwomba mama yake amwambie mtoto, na tangu siku hiyo yeye anatafuta mdomo wa kusemea.

"Huyu wangu anasikia hadithi na masikio yote mawili," akasema. "Nikisema leo kwamba yule amefika, kesho ataniuliza wake anafika saa ngapi. Nyinyi Jumapili mnapanda lori, Mwalimu. Mimi nabaki naye, na hadithi yenu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia mvua itanyesha uingize nguo. Kisha akanipa waru nyingine akaniangalia mkono. "Na hayo maganda unayatoa nene. Ng'ombe ndio watashiba leo."

Nilicheka, na nikicheka hivyo machozi yakanitoka, na nikasingizia moshi.

Sababu ni kwamba mimi pia nilingoja. Nilipokuwa na umri kama wa huyo mtoto nilikaa kwa nyanya yangu upande wa ziwa, kwa sababu mama yangu alikuwa amekuja Eldoret kutafuta kazi, na chumba alichopata hakikuwa na nafasi ya mtoto. Nilijua sauti ya kila gari lililopanda kile kilima chetu. Nililala na viatu Disemba ikianza, nisije nikachelewa kutoka nje. Nyanya alikuwa akiniambia, atakuja, na mama yangu alikuja. Kila Disemba alikuja, na mkate wa kukatwa, na nguo ambayo nilikuwa nimeshaipita kwa urefu. Sijawahi kumwambia mama nilivyokuwa nalala na viatu. Pale jikoni Kaptagat, moshi machoni, nilitaka kurudi nyumbani kumwangalia tu anavyopanga vikombe.

Nilimwambia mwenyekiti. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Akasema ni yeye aliyeleta desturi ya mgeni, basi ataisahihisha: Jumamosi kila mtoto atafungwa ribon, alete mtu asilete, ili asiwepo aliyebaki bila. Ilikuwa moyo mzuri. Tulikubaliana wote. Mama pia tulimwambia, akatikisa kichwa akasema kongoi, ambayo ni asante, lakini aliisema akiangalia pembeni.

Jumamosi mbingu ilifunguka. Jua lilitoka lile la Kaptagat ambalo linang'aa tu bila kuchoma. Wazazi walikuja na nguo zao za kanisa, akina mama na vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, akina baba wakasimama kwanza kando ya ua kuzungumza bei ya viazi. Mjukuu alikuwa langoni tangu maziwa. Nyanya yake alikuwa amempaka mafuta mpaka kichwa kinaakisi, na sweta ya kijani imeoshwa. Kila gari lililosikika kwa kona alisimama kwa vidole vya miguu. Gari likipita, anashuka.

Tulichelewesha kuanza. Mwenyekiti, yule wa saa mbili kamili, ndiye aliyesema tungojee kidogo. Mpaka leo sijui tulikuwa tunangoja nini, na tulikuwa tunajua haji.

Mwishowe Mama aliniwekea mkono begani, akapita, akaenda langoni. Nilimwona akikaa chini kwa nyasi zenye umande, na buti zake, na shuka yake safi, akamvuta mtoto katikati ya magoti. Waliongea. Walikuwa mbali na ilikuwa lugha yao, na hata ningekuwa karibu nisingeisikia. Mtoto hakulia. Aliuliza kitu, akajibiwa. Akauliza tena. Akaangalia barabara mara moja, upande wa kona, kisha akaichukua ncha ya shuka ya nyanya yake akaishika, wakaja hivyo mpaka ndani, na akakaa mahali pake pa siku zote.

Watoto waliimba. Walisema mistari yao, wengine kwa kunong'ona, mmoja kwa kupiga kelele kama anaita ng'ombe. Kisha mwenyekiti akatangaza ribon za wote, mimi nikashika beseni, tukaanza kupita safu kwa safu. Tulipofika kwa mjukuu mwenyekiti alichuchumaa, na yeye ana shida ya magoti.

"Mamii, lete mkono. Leo ni ya kila mtu."

Mtoto akaweka mikono yote miwili nyuma.

"Sijaleta mgeni," akasema.

Mwenyekiti alimweleza tena, polepole, kwamba leo hakuna haja ya mgeni. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Sijaleta mgeni."

Hakukuwa na kiburi ndani yake. Sisi ndio tuliomfundisha hiyo sheria, na yeye aliishika kuliko sisi. Mwenyekiti aliniangalia, mimi nikaangalia beseni. Kijana wa ngoma alikuwa ameweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma kama anaizuia isije ikalia yenyewe.

Hapo ndipo Mama aliposimama. Alisema kitu kwa watoto, nao wakasogea mbele kidogo wote pamoja. Kisha akaniambia kwa Kiswahili kwamba kuna hadithi iliyobaki njiani tangu Alhamisi. Leo yeye ataisema, na mimi niwatafsirie watu wangu wa Eldoret. Nilimwambia Kikalenjin sijui. Akasema atanipa kwa Kiswahili kidogo kidogo, mimi niiseme kwa sauti.

Basi tukabadilishana mahali. Yeye alisema kwao, kwa urefu, akiangalia mmoja tu, kisha ananiinamia na sentensi moja fupi sikioni, na mimi naitoa. Kwa mara ya kwanza nilielewa mkalimani anabeba nini.

"Huyo mzazi alikamua ng'ombe, akaangalia barabara," nikasema.

"Akapanda viazi, akaangalia barabara.

"Majirani wakamwambia ingia ndani, baridi ni nyingi. Akasema naingia sasa hivi. Akaangalia barabara.

"Na yule wa mbali akafika. Mzazi alimwona kabla ya watu wote, kwa sababu macho yake yalikuwa yamezoea pale."

Mama alivuta shuka yake mabegani. Alipoendelea sauti yake ilikuwa chini, na aliponiinamia nilisikia pumzi yake ina harufu ya maziwa na moshi.

"Alingoja muda gani," nikasema, "Kitabu hakikusema. Nimeuliza wachungaji. Hata wao hawajui."

Wachungaji wawili waliokuwa mbele walicheka, wazazi wakacheka, na watoto, ambao walikuwa wameshasikia mapema, walikuwa tayari wanapiga makofi. Walishangilia kweli. Walikuwa wamebeba zile shangwe tangu Alhamisi.

Mjukuu hakupiga makofi. Alikuwa amekunja uso, anafikiria. Kisha akainuka akaja kwangu, akavuta aproni yangu mahali mfuko ulipo.

"Ziko?"

Nilizitoa. Vipande viwili vya damu ya mzee. Nilikuwa nimevishona ukingo usiku wa Jumatano ili visifumuke.

"Nipe zote mbili," akasema. "Yangu na ya mama. Akifika nitamleta hapa, halafu nitafunga."

Hapa alimaanisha pale kanisani. Nilimuuliza, na sikupaswa kuuliza lakini niliuliza, kama ni sawa nimfunge yake sasa. Alinionea huruma. Aliniambia zinafungwa pamoja, kwani nimesahau? Akazikunja pamoja, ndogo, ndogo tena, akaziingiza ndani ya mkono wa sweta mahali palipokunjwa mara tatu, akarudi kuegemea buti.

Jumapili tulipanda lori. Watoto walikimbia nyuma yetu mpaka pale lami inapoanza, na wangeweza kutufikisha mjini kama dereva hangewaambia warudi, sina shaka. Mjukuu hakukimbia. Alisimama langoni na nyanya yake, na niliwapungia mpaka kona ikawachukua. Kijana wa ngoma hakuniita Mmishonari wa Ng'ambo njia nzima. Karibu na mji alinipa leso yake, ilikuwa na mafuta ya pikipiki, nikafika nyumbani na alama nyeusi shavuni. Mama yangu alipofungua mlango kitu cha kwanza alichouliza ni waru ziko wapi. Nilikuwa nimeleta gunia. Niliweka chini nikamshika shingoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yetu, akaniuliza kwani kuna mtu amekufa.

Sasa ni Agosti nyingine. Mwaka huu kanisa limepeleka misheni mahali pengine, mbali zaidi, na mimi sikwenda kwa sababu shule zinafunguliwa na yunifomu hazijaisha. Naota bado. Ila ile ndege ya ndoto zangu siku hizi naiona ikija badala ya kwenda, inashusha mtu mwenye masanduku, na sura yake siijui, namvalisha tu sweta ya shule.

Na Mama wa Kaptagat tunapigiana simu. Mara nyingine ni yeye, mara nyingine ni mimi, na kila mara mtandao wa huko unakatika katikati ya neno. Ananiuliza kama nimepata mtoto, namwambia sijapata hata bwana, anacheka. Nauliza mvua, nauliza ng'ombe, nauliza karoti. Ananiambia mjukuu ameingia darasa la kwanza, na mikono ya sweta sasa inakunjwa mara mbili tu. Kile kingine, kama binti yake amefika, siulizi. Nikikiuliza nitakuwa kama mtoto anayeuliza mama yake anafika saa ngapi.

Lakini yeye anajua ninachongoja. Kabla hajakata, tukishaagana, nasikia kuku wake, nasikia mlango.

"Ribon bado ziko, zimekunjwa, Mwalimu," anasema.

"Asante, Mama."

Kisha narudi kwa cherehani.